Uhuishaji wa Vikaragosi

Uhuishaji wa vikaragosi ni fani ya filamu ambayo kwayo kikaragosi, udongo au karatasi iliyokatwa husogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha kila inaposogezwa, hata picha hizo, zikioneshwa 24 kwa sekunde, zikamdhihirishia mtazamaji kwamba kitu kisicho roho kinakwenda chenyewe.

Katika Asia ya Mashariki mwasisi wake mashuhuri ni Tadahito Mochinaga (1919–1999), Mjapani aliyefundisha pia nchini China, na ambaye karakana yake ya Tokyo ndiyo iliyohuisha vikaragosi vya filamu ya Kimarekani ya Rudolph (1964). Kihachirō Kawamoto (1925–2010), baada ya kujifunza Prague kwa ustadhi Jiří Trnka, alirejea kwenye turathi za kwao Japani, akatunga filamu za Oni (1972) na Dōjōji (1976) kwa kufuata taratibu za michezo ya jadi ya Kijapani ya Noh na Bunraku. Ilhali Tadanari Okamoto (1932–1990) alipenda kubadili malighafi, mara mbao, mara uzi, mara karatasi. Huko Shanghai mfululizo wa Afanti, ulioanza 1979, uliwahuisha wahusika wa hekaya za Waislamu wa Xinjiang.

Barani Afrika, Jean-Michel Kibushi wa Kongo, mwanzilishi wa studio ya Malembe Maa (1988), alihuisha ngano za Watetela. Vikaragosi vya kipindi cha runinga cha The XYZ Show, vilivyoanza kuoneshwa Kenya mwaka 2009, si vya fani hii, kwani huchezeshwa kwa mkono mbele ya kamera.