Farasi, Mbung'o na Njia ya Majoreni

Farasi aliyeanza kujikwaa, kukataa mwendo au kulegea chini ya tandiko, bila jeraha wala kwato mbovu, alimtia mwenyewe mashakani. Katika pwani ya kusini ya Kenya, kuanzia vichaka vya Shimba hadi Majoreni na Vanga, mshukiwa wa kwanza alistahili kuwa mbung'o. Mnyama aliyeumwa huweza kuendelea kula huku akikonda. Homa huja na kuondoka, tumbo na miguu huvimba, mwishowe miguu ya nyuma huyumba. Mpandaji aliyedhani ni ukaidi alishika mjeledi, akamtesa mnyama aliyekwisha kupungukiwa damu. Ulikuwa uamuzi mbaya kuliko yote.

Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Vanga kwenda Kilimanjaro haikutegemea farasi. Mizigo ilibebwa na wapagazi, kwa kuwa wanyama wa kubeba hawakudumu nyikani. Lamu mjini, mbali na vichaka hivyo, punda waliendelea kuwa usafiri wa kila siku.

Wageni walijaribu dawa. Mwaka 1858 David Livingstone alieleza jinsi alivyompa aseniki farasi jike aliyeumwa na mbung'o. Farasi huyo alipata nafuu kwa muda, kisha akafa. Chanzo chenyewe cha ugonjwa kilijulikana baada ya David Bruce kuchunguza damu ya wanyama wagonjwa huko Zululand mwaka 1895 na kuona vimelea vikiogelea ndani yake. Tangu hapo tone la damu chini ya hadubini liliweza kutenganisha ugonjwa na uvivu.

Elimu hiyo haikuwaokoa farasi wa Vita Kuu ya Kwanza. Januari 1915 majeshi yalipigana Jasin, karibu na Vanga. Mwaka uliofuata wapanda farasi wa Afrika Kusini waliingia Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, na nagana, ugonjwa huo wa mbung'o, pamoja na magonjwa mengine yakawaua farasi wao kwa wingi. Mzigo ukarudi mabegani mwa watu: makumi ya maelfu ya wapagazi wa Kiafrika walikufa, na majina ya Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam yanatokana na kikosi chao. Gharama ya kosa la makamanda, kuingiza farasi katika nchi ya mbung'o, ililipwa na watu wasiokuwa na sauti katika uamuzi.

Dawa zenye nguvu zilifuata. Bayer 205 ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1916, na daiminazini ikaingia sokoni mwaka 1955. Hii ya pili huokoa ng'ombe wengi, lakini farasi na punda huistahimili vibaya, hivyo kipimo chake ni kazi ya daktari wa mifugo. Mbung'o wangali wapo Shimba. Mwenye mnyama anayelegea asimpandishe wala kumtwika mzigo. Kwanza damu yake ipimwe.