Kubadilisha Betri ya Saa ya Mkononi: Hatua na Tahadhari

Saa nyingi za mkononi za kidijitali hutumia betri bapa ya mviringo, mfano wa kifungo cha shati. Kabla ya kununua mpya, soma namba ya ile ya zamani: CR2016 ina unene wa milimita 1.6, na CR2032 milimita 3.2. Fungua mfuniko wa nyuma kwa bisibisi ndogo, weka betri mpya kwa kufuata alama ya chanya (+), kisha rudisha mpira unaozuia maji.

Betri iliyotolewa isiachwe karibu na watoto. Hata ikiwa imekwisha nguvu, ikimezwa inaweza kuunguza koo la chakula ndani ya muda wa saa mbili. Mtoto aliyemeza apelekwe hospitali mara moja, bila kusubiri dalili.