Mikia ya Ng'ombe Matopeni

Yoshua alipowavusha wana wa Israeli katika mto Yordani, aliagiza mawe kumi na mawili yatwaliwe mtoni, ili watoto watakapouliza siku za baadaye, wazazi wawe na jibu. Watoto wa Dodoma nao huuliza: jina la mji wetu maana yake nini?

Nasi twawajibu upesi: tembo. Alikuja kunywa maji katika kijito cha Kikuyu, kilichopata jina kwa mikuyu iliyoota kandokando yake, akakwama topeni; waliomwona wakasema kwa Kigogo, "Idodomya," yaani amedidimia. Ni hadithi nzuri, tena haimwaibishi mtu.

Lakini iko hadithi ya pili, ambayo hatupendi kuisimulia mbele ya wageni. Yasemwa kwamba watu wa hapa waliiba ng'ombe wa jirani zao, wakawachinja, wakawala, wasibakize ila mikia. Mikia ile wakaichomeka matopeni. Wenye mali walipofika wakitafuta, wakaonyeshwa: tazameni, ng'ombe wenu wamedidimia.

Hatuwezi kuapa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Wala tembo naye hana shahidi. Tunachojiuliza ni kwa nini moja twaipenda na nyingine twaificha, hali zote mbili tumerithishwa. Kitabu cha Mwanzo hakikumsitiri Yakobo alipomdanganya baba yake kwa ngozi za wana-mbuzi, naye ndiye aliyepewa jina la Israeli.

Kisha ikaja Reli ya Kati ya Wajerumani, na mji ukakua kando ya stesheni. Hayo yajulikana. Yasiyosemwa sana ni yale ya vita iliyoanza mwaka 1914. Majeshi ya Wajerumani, na baada yao Waingereza walioutwaa mji mwaka 1916, yalichukua ng'ombe na nafaka za Wagogo, yakawachukua na vijana kuwa wapagazi. Mvua zilipokosekana, ikaingia njaa iitwayo Mtunya, kati ya miaka 1917 na 1920. Yakadiriwa kwamba katika watu 150,000 wa Ugogo, wapatao 30,000 walikufa. Safari hii walioibiwa walikuwa wazee wetu, wala hakuna aliyejisumbua kuwaonyesha hata mkia.

Mwaka 1973 iliamuliwa Dodoma iwe makao makuu ya nchi. Mwaka 2018 ikatangazwa kuwa jiji. Pale Kikuyu, ilipokuwa shule ya Mazengo, kipo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana tangu mwaka 2007, nacho huwapokea vijana wengi ambao hawajapata kusikia neno Mtunya.

Makatekista watakaofundisha habari za Yordani juma hili, wawaulize watoto jina la Dodoma lilitoka wapi. Wengi watajibu tembo. Basi wawaketishe, wawasimulie na ile ya pili.