Akedi: Istilahi Moja na Joka Mwenye Njaa

Akedi ni aina ya gemu ambayo mtu huielewa kwa kuitazama dakika moja, huicheza dakika chache, na hushindwa mara nyingi kabla ya kuimudu. Vya kuiendeshea ni vichache: kijiti na kitufe kimoja au viwili, au kidole tu kwenye skrini ya mguso. Uhai wa mchezaji una kikomo, alama zinahesabiwa papo hapo, na ugumu unapanda kadiri anavyodumu. Hakuna hadithi ndefu ya kufuatilia. Aliyeshindwa huanza upya, akiwa na ujuzi kidogo zaidi ya aliokuwa nao mwanzo.

Jina lenyewe lilianza kwa mafundi wa majengo. Kwa Kilatini, arcus ni upinde au tao, na kutokana na neno hilo lugha za Ulaya zilipata jina la ujia ulioezekwa, wenye matao na maduka huku na huku. Maana hiyo ya maduka ingali hai Afrika Mashariki: katikati ya Kampala, akedi ni jengo lililosongamana vyumba vidogo vya biashara, orofa juu ya orofa. Mwishoni mwa karne ya 19, nchini Marekani na Uingereza, kumbi zilianza kujazwa mashine za burudani zilizofanya kazi kwa kutumbukizwa sarafu: za kutazamia picha zinazotembea, za kusikilizia muziki, za kupimia nguvu za mkono. Gemu za kielektroniki zilipokuja zilikuta ukumbi upo, na desturi ya sarafu ipo.

Mwaka 1972 kampuni ya Atari iliweka mashine ya Pong katika baa moja ya mji wa Sunnyvale, California. Space Invaders, kazi ya Tomohiro Nishikado, ilitolewa na Taito mwaka 1978. Pac-Man ya Toru Iwatani ikatolewa na Namco mwaka 1980. Umbo la gemu hizo lilitokana na kisanduku cha sarafu. Mwenye mashine alipata faida wachezaji walipopokezana, na mtu mmoja akikaa saa nzima kwa sarafu moja ilikuwa hasara tupu. Hivyo waundaji walilazimika kubuni kitu kinachomshinda mtu upesi, lakini kwa haki ya kutosha kumfanya aamini kwamba mara ijayo atafika mbali zaidi. Hapo ndipo penye ufundi wenyewe. Kumfanya mtu ashindwe ni rahisi; kumfanya ashindwe huku akijua hasa alikosea wapi ni kazi ngumu, na akedi inastahili heshima kubwa kuliko inayopewa kwa kuliweza hilo.

Majoka waliingia katika kumbi hizo mapema. Katika Bubble Bobble ya Taito, ya mwaka 1986, mchezaji ni joka mdogo anayepuliza mapovu, anawanasa adui ndani yake kisha anayapasua. Mwaka uliofuata Namco ilitoa Dragon Spirit, na humo joka ni wa vita: shujaa aitwaye Amru anageuka joka wa rangi ya buluu na kuruka juu ya nchi inayopita chini yake. Kitufe kimoja humtemesha moto kwa adui wa angani, kingine hushambulia walio ardhini. Mpango huo wa silaha mbili Namco ilikuwa imeshautumia miaka michache kabla katika Xevious, ambapo mchezaji huendesha chombo cha kivita. Kilichobadilika ni mwili. Chombo cha chuma hakioti kichwa cha pili, bali joka wa Dragon Spirit akiokota vitu fulani huongezewa vichwa hadi vitatu, na moto wake huongezeka pamoja navyo. Nguvu ya mchezaji inaonekana kwenye umbo lenyewe, bila kusoma takwimu yoyote pembeni ya skrini.

Kuhamia kwa akedi kwenye simu kulianza kwa kiumbe wa ukoo huohuo. Mwaka 1997 Nokia ilitoa simu ya 6110 ikiwa na gemu iliyoandikwa na Taneli Armanto, ambayo Waswahili waliijua kwa jina jepesi, gemu ya nyoka. Nyoka anakula, anarefuka, na siku ya kujigonga mwenyewe ndiyo mwisho wake. Gemu hiyo ilikuwa akedi kwa kila hali, ingawa hakuna aliyetumbukiza sarafu na hakukuwa na ukumbi. Maduka ya programu za simu yalipofunguliwa mwaka 2008, wachezaji wa aina hiyo walikuwepo tayari, na walikuwa wamekwisha kuzoea kucheza wakiwa kwenye foleni au ndani ya daladala.

Hungry Dragon ni mfano mzuri wa kilichofuata. Ilitengenezwa na studio ya Ubisoft iliyoko Barcelona na kutolewa mwaka 2018, ikirithi mpango wa gemu za papa za Hungry Shark. Mchezaji huweka kidole kwenye skrini na joka huruka upande ule kidole kinakoelekea. Juu ya skrini kuna upau wa uhai, nao unapungua bila kusimama, hata kama hakuna adui anayemgusa. Dawa yake ni kula: ndege, wanakijiji, viumbe wa kubuni wa kila namna. Kila anachomeza kinaujaza upau tena kidogo. Akitafuna vya kutosha, kipimo kingine hujaa, na kwa muda mfupi hutema moto unaoteketeza kila kilicho mbele yake. Ukubwa nao una sheria zake: joka mdogo hawezi kummeza kila amwonaye, na vingine vinamdhuru akivijaribu; mchezaji akimkuza hufungua mwingine mkubwa zaidi, na kilichokuwa hatari jana huwa chakula leo.

Ukiangalia upau ule kwa makini utaona njaa imekaa mahali pa sarafu. Zamani muda wa kucheza ulipimwa na pesa iliyotumbukizwa, sasa unapimwa na tumbo la joka. Na hesabu ya mwenye mashine haikufutika: joka akifa, gemu inamruhusu mchezaji amfufue kwa vito, ambavyo huuzwa kwa pesa halisi, au kwa kutazama tangazo. Tofauti ni kwamba ukumbini kila mtu alilipa kabla ya kucheza, na kwenye simu wengi hawalipi kabisa.

Historia hii ndiyo inayoamua jinsi ya kulitafsiri neno la Kiingereza arcade kwa Kiswahili. Njia tatu zinawezekana. Ya kwanza ni gemu ya sarafu, iliyo wazi sana kwa mashine za zamani, lakini inapotosha kwenye simu, ambako sarafu ni vitu vya kuokota ndani ya gemu. Ya pili ni gemu ya ukumbini. Kasoro yake inaonekana katika vibanda vya gemu vya Dar es Salaam au Nairobi, ambako vijana hulipa ili wacheze kandanda la video: mahali panafanana kabisa na akedi ya zamani, ila gemu yenyewe ni ya namna nyingine, ya vikosi, misimu na vitufe vingi. Kinyume chake, joka wa kwenye simu hana ukumbi wowote, na ni akedi halisi. Neno linalotaja mahali litakosea pande zote mbili. Njia ya tatu, kulitohoa neno lenyewe, ndiyo iliyo salama: akedi, gemu ya akedi, gemu za akedi. Msomaji hupewa maana kwa fasili, na neno haliahidi ukumbi wala sarafu.

Neno joka halihitaji kutoholewa. Ni umbo la ukubwa la neno nyoka, kwa njia ileile inayotoa jumba katika nyumba, na Biblia ya Kiswahili inalitumia katika mlango wa 12 wa Ufunuo wa Yohana kwa kiumbe mwenye vichwa saba. Kwa asili joka la Kiswahili halina mabawa wala miguu, hivyo anayeeleza gemu hizi hana budi kuvitaja mara ya kwanza. Upatanisho nao unataka uangalifu. Ukubwa huruhusu kusema joka limepita, hasa pale linapotajwa kama kitu cha kutisha kinachotazamwa kwa mbali. Katika gemu ambamo mchezaji mwenyewe ndiye joka, upatanisho wa viumbe hai unafaa zaidi: joka anaruka, joka amekula, majoka wamefunguliwa. Adui wakubwa wanaotokea mwishoni mwa hatua wanaweza kubaki na upatanisho wa li- na ya-, na mwandishi wa maelekezo akishika utaratibu huo, msomaji atajua bila kuambiwa joka yupi ni wake na lipi la kukimbiwa.