Historia Iliyoketi Kanisani

Ukiambiwa uandike historia ya kwenu ocha, utaanzia wapi? Wengi wetu tungeanza na chifu wa kwanza, au mmishonari aliyejenga shule, halafu tushuke polepole hadi kwa babu. Richard Gough, mkulima wa Uingereza aliyezaliwa mwaka wa 1635, alikuwa na njia yake. Alichora ramani ya mabenchi ya kanisa lao, kisha akapita benchi moja baada ya jingine akieleza familia zilizokuwa na haki ya kuketi hapo: walitoka wapi, walioana na nani, nani alikunywa pombe mpaka shamba likaisha, nani aliiba, nani alinyongwa.

Kanisa lenyewe ni la Mtakatifu Petro, parokia ya Myddle, huko Shropshire karibu na mpaka wa Wales, kilomita kama 12 kaskazini mwa mji wa Shrewsbury. Ni mashambani kabisa. Ngome ya kale iliyokuwa hapo imebaki kipande cha mnara tu. Gough aliishi Newton on the Hill, kitongoji ndani ya parokia hiyo. Hakuwa bwana mkubwa, wala hakuwa maskini. Alijua Kilatini, aliwahi kuwa karani wa tajiri mmoja mwenye ardhi, na alikuwa na kumbukumbu ambayo majirani zake bila shaka waliiogopa. Alianza kuandika mwaka wa 1700, na alipofika kwenye mabenchi alikuwa mzee wa miaka 66 hivi.

Kwa nini mabenchi? Kwa sababu kiti cha kanisani kilikuwa mali. Hukuingia Jumapili ukaketi popote roho ilipokutuma. Nafasi ilifungamana na shamba au nyumba, na ukihama, atakayeingia nyumba hiyo anarithi na benchi. Wenye mashamba makubwa walikuwa mbele, na wenye vibanda walikuwa nyuma. Ilipotokea nafasi ya kuongeza mabenchi mapya upande wa mbele, wakubwa walilalamika: eti ni aibu vijana wadogo na watu wasiolipa kodi ya kanisa kuketi mbele ya walio bora parokiani. Kwa hivyo Gough alipoandika nani anastahili wapi, alikuwa pia anaweka ushahidi, ili kesho watu wasigombane. Tusicheke sana. Hata leo kuna viti vya mheshimiwa, na mama wa kawaida akivikalia anaguswa bega kwa upole.

Lakini jambo la ajabu lilitokea. Ukifuata mabenchi hadi mwisho, lazima ufike nyuma. Na Gough alifika. Ramani iliyochorwa kulinda heshima ya wakubwa ikawa njia ya kuwaingiza wadogo kwenye historia, kwa majina yao, jambo ambalo wanahistoria wa enzi hiyo, waliozama katika wafalme na maaskofu, hawakuwa na haja nalo.

Na wadogo hao hawakuwa watakatifu. Kulikuwa na Reece Wenlock, aliyezoea kuiba kuni kwenye nyua za watu. Mtumishi wa jirani akachoka. Akatoboa kijiti kikavu, akajaza baruti, akaziba, akakiacha mahali Reece hangekikosa. Reece akakibeba, akawasha tanuri lake. Paa la tanuri likaruka na upande wa nyumba ukashika moto. Unaweza kumsikia mzee akicheka anapoandika.

Pengine hacheki. Hugh Elks wa Marton alijua jirani yake ana pesa ndani. Siku ya Jumapili, watu wakiwa kanisani, aliingia na wenzake na kumkuta kijakazi peke yake akitengeneza jibini. Msichana akamtambua, akamwita ami, akamwomba asimdhuru. Kwa kuwa alitambuliwa, Elks akamkata koo. Wakaondoka kwa haraka bila kukumbuka kwamba mbwa wake alikuwa amewafuata ndani. Waliorudi kutoka kanisani walimkuta mbwa yule tumbo limemjaa karibu kupasuka kwa vitu vya jibini. Wakamfungulia mlango, wakamfuata taratibu, akawapeleka moja kwa moja hadi nyumbani kwa Elks, ambaye baadaye alinyongwa. Gough hasemi mengi kumhusu yule msichana. Hapo ningependa kumuuliza jina lake.

Simtetei mzee huyu kwa kila kitu. Mwaka wa 1662 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyoruhusu maskini kurudishwa kwenye parokia yake halali, maana kila parokia ililisha maskini wake kwa kodi yake yenyewe. Kuanzia hapo parokia zikawa zinashtakiana: huyu ni wenu, hapana ni wenu. Gough aliweka sehemu nzima ya kitabu kuhusu kesi hizo za Myddle. Alizifuatilia kwa karibu, na anaziandika kama shabiki anayesimulia mechi, huku kinachobishaniwa ni binadamu ambaye hakuna anayemtaka. Mkono ulioandika majina ya maskini ulikuwa upande wa wale waliotaka gharama yao ikabebwe na wengine. Sioni namna ya kupatanisha mambo hayo mawili, wala sidhani yeye aliona pana ugomvi.

Gough alikufa mwaka wa 1723. Maandishi yake hayakuchapishwa hadi mwaka wa 1834, zaidi ya karne moja baadaye. Mwaka wa 1974 mwanahistoria David Hey alitoa kitabu kizima kuhusu jamii ya Myddle, akilinganisha hadithi za mzee na rekodi za wakati huo. Mwaka wa 1981 kitabu cha Gough kikatoka kwa bei ya msomaji wa kawaida chini ya Penguin.

Ukurasa ninaourudia ni ule wa vita. Mwaka wa 1642 Mfalme Charles na Bunge walianza kupigana. Wanaume wote wa eneo lile, kuanzia miaka 16 hadi 60, waliamriwa kufika kwenye kilima cha Myddle. Gough, mtoto mdogo tu, alienda kutazama kama anayeenda kutazama sarakasi. Aliona umati, na juu kabisa mtu ameshika karatasi, mikuki imesimikwa ardhini kando yake. Mtu huyo akatangaza kwamba atakayejiunga na mfalme atalipwa groti 14 kwa wiki. Groti ilikuwa sarafu ya peni nne. Kwa kijana wa kibarua, hiyo si hela ya kukataa.

Kutoka Myddle, Marton na Newton, vijiji vitatu tu, walienda 20. Waliokufa ni 13. Tunaijua hesabu hiyo kwa sababu mzee, karibu miaka 60 baadaye, aliketi akawahesabu mmoja mmoja. John Arthurs, mtumishi wa baba yake, aliuawa Hopton Castle. Rees Vaughan, ndugu wa mfumaji, aliuawa hapo hapo. William Preece, aliyekuwa akiishi kwenye pango liitwalo Goblin Hole, yaani Shimo la Zimwi, alienda na wanawe watatu. Wawili waliuawa High Ercall. Watatu, Edward, alirudi akanyongwa kwa wizi wa farasi. Baba yao akafia kitandani mwake.

Halafu kuna Richard Chaloner, mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, ambaye parokia ilisaidia kumlisha. Alipokuwa kijana mwenye mwili alitembea hadi Shrewsbury, akaandikishwa, akaenda kwenye mapigano ya Edgehill ya tarehe 23 Oktoba 1642. Hakusikika tena Myddle. Gough amemweka kwenye orodha ya wafu hata hivyo, na kando ya jina lake ameandika alikuwa mtoto wa nani.