Mwili usioingiwa na risasi: kutoka Akira mpaka Mayi-Mayi

Wapenzi wa filamu za katuni za Japani muko wengi hapa Goma, basi munajua Akira ya Katsuhiro Otomo, iliyotoka 1988. Wakubwa wa serikali wanafanya majaribio juu ya watoto ili wapate nguvu zisizo za kawaida. Kijana Tetsuo anazipata, mwili wake unamshinda, mji unabomoka. Tunaangalia, tunasema: hayo ni ya Tokyo. Kumbe hata kwetu miili ya vijana iliongezewa nguvu kwa ajili ya vita. Tofauti ni kwamba sisi hatukutumia mashine. Tulitumia maji.

Tuanzie kwa majirani. Mwaka 1905, kusini mwa Tanzania ya leo, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe aligawa maji ya dawa, akisema risasi za Wajerumani zitageuka maji. Tarehe 30 Agosti, maelfu ya watu walishambulia boma la Mahenge. Bunduki za rashasha ziliwafyeka.

Sasa tuje kwetu. Mwaka 1964, waasi wa Simba, wengi wao vijana, walipakwa dawa, wakaenda wakipiga kelele « Mai Mulele! » Mwezi wa nane walichukua Kisangani. Je, dawa ilifanya kazi? Kwa namna moja, ndiyo: askari wengi wa serikali waliiamini pia, wakatupa silaha na kukimbia. Lakini mamluki na makomando wa Ubelgiji, walioshuka Kisangani tarehe 24 Novemba, hawakuiamini. Hapo ndipo vijana walishindwa.

Jambo la kushika ni hili: dawa ilikuja na miiko. Usigeuke kuangalia nyuma. Usiguse mwanamke. Ukipigwa risasi, basi ulivunja mwiko. Yaani dawa haikosei hata siku moja; anayekosea ni maiti, na maiti hajitetei. Aliyetoa dawa, hakuna wa kumuuliza.

Miaka ya 1990, maji yaleyale yalirudi hapa Kivu na jina la Mayi-Mayi, na hata bakadogo walimwagiwa. Tusiwacheke. Kijiji kilichoshambuliwa, kisichokuwa na wa kukilinda, kitashika kile kinachopatikana.

Lakini Otomo alifanya kitu ambacho sisi hatujafanya bado: alituonyesha maabara na wakubwa walioyaendesha majaribio. Sisi tunasimulia vijana walioanguka tu, na hao wakubwa tunawaacha gizani.

Kwa hiyo, mdogo wako akija kukuambia kuna mtu amemwahidi nguvu, iwe ya maji, ya kidonge, ya bunduki ao ya maneno matamu, mufundishe kuuliza swali moja: nikianguka, kosa litakuwa la nani? Jibu likiwa « lako », arudi nyumbani.

Ninyi munasemaje?