Sahani, Bakuli na Sinia

Mtoto mwenye fenilketonuria, au PKU kwa kifupi, huzaliwa akionekana mzima. Kasoro imo kwenye ini: kimeng'enya kinachovunja fenilalanini, mojawapo ya asidi amino zinazounda protini, hakifanyi kazi ipasavyo, nayo hulundikana kwenye damu na kuharibu ubongo. Asbjørn Følling wa Norwei aliutambua ugonjwa huu wa kurithi mwaka 1934. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Horst Bickel na wenzake huko Birmingham, Uingereza, walionyesha kuwa lishe inaweza kuudhibiti. Kwa wenye hali kali, kanuni ni ile ile kila mahali: nyama, samaki, mayai na kunde huepukwa, wanga hupimwa, na pengo la protini huzibwa kwa mchanganyiko maalumu wa asidi amino usio na fenilalanini. Kinachotofautiana ni namna watu wanavyokula.

Waingereza wamejenga lishe hii juu ya sahani ya mtu mmoja. Familia huhesabu kwa mafungu: fungu moja ni gramu 1 ya protini, yaani takriban miligramu 50 za fenilalanini. Viazi vya kuchemsha gramu 80 ni fungu moja. Mzazi huvipima kwa mizani ya jikoni, huvipakua, na hakuna mkono mwingine unaogusa sahani hiyo. Mkate wa kawaida una protini nyingi mno, kwa hiyo daktari humwandikia mtoto unga na mkate wa protini kidogo, kama anavyoandika dawa. Hesabu inakuwa nyepesi, ila mezani mtoto huonekana wazi kuwa mkate wake si wa wenzake.

Japani ugonjwa ni nadra zaidi, na watoto wachanga wamekuwa wakipimwa nchi nzima tangu 1977. Huko wali ndio chakula chenyewe. Gramu 100 za wali zina protini ya gramu 2.5 hivi, na bakuli moja laweza kumaliza zaidi ya nusu ya posho ya protini ya siku ya mtoto mwenye hali kali. Lakini Wajapani wana wali uliopunguzwa protini, unaotumiwa zaidi na wagonjwa wa figo. Mtoto hupakuliwa huo katika bakuli lake, na jirani yake mezani hatambui tofauti. Punje imebadilika, desturi imebaki.

Pwani yetu mambo yamegeuka. Hapa kuna sinia: wali wa nazi, mchuzi wa samaki, na mikono mitano kwa pamoja. Mizani itapima nini? Ukimtengea mtoto sahani yake, umemtenga. Ukimwacha siniani, bibi atamsukumia mnofu kwa mapenzi. Maharage, dagaa na maziwa, vyakula tunavyovisifu kliniki, ndivyo vinavyomdhuru.

Hata hivyo, tuna mambo mawili ambayo wenzetu hawana. Kwanza, muhogo mbichi una protini ya gramu 1.4 hivi kwa gramu 100, na ndizi za kupika hazipishani nao sana. Wanga ambao wengine wanautafuta kiwandani, sisi tunauchimba shambani. Pili, adabu ya sinia humfundisha mtoto kula mbele yake. Muhogo wake ukipimwa na kuwekwa mbele yake, atakula na wenzake bila kuvuka mpaka. Lakini muhogo mtupu, bila ule mchanganyiko wa asidi amino, ni njia ya utapiamlo, na posho huwekwa na daktari kwa kufuata vipimo vya damu.

Orodha ya viazi na mkate iliyotafsiriwa haitamfaa mama wa Tanga au Lamu. Wataalamu wetu wa lishe waandike inayoanzia kwenye muhogo, ndizi na sinia. Na wizara za afya ziingize kipimo cha tone la damu ya kisigino katika huduma za kila mtoto mchanga, kwa sababu lishe inayoanza ubongo ukiwa umeshaumia haiwezi kurudisha kilichopotea.